Chokaa Katika Msuli wa Moyo: Yanayowapata Wagonjwa Mahututi

Mhadhara kwa wananchi na wanataaluma wa afya, umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa

Waandaaji walipoisikia mada hii mara ya kwanza waliniuliza kama sina nyingine iliyo nyepesi.

Ninayo. Shinikizo la damu lingejaza ukumbi huu hadi barazani. Hata hivyo nimechagua kuzungumzia kalsiamu inayoganda ndani ya msuli wa moyo wa mtu aliye mahututi, na sababu ni mbili. Kwanza, mashine za CT-Scan zimeongezeka katika hospitali zetu za rufaa, kwa hiyo jambo lililokuwa likionekana tu wakati wa kupasua maiti sasa linaonekana mgonjwa akiwa hai. Pili, ndugu wa mgonjwa huambiwa haraka haraka mlangoni kwamba "moyo umeingia chokaa", nao hurudi nyumbani wakaanza kumnyima mgonjwa maziwa na dagaa bila kujua wanakinga nini.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba chokaa hiyo haitoki kikombeni. Hutokana na seli zinazokufa na figo zilizoshindwa kazi, kwa hiyo kinga yake iko huko, mapema, kabla hata daktari wa moyo hajaitwa. Nina hoja tano. Ya tatu ndiyo ndefu. Mwenye kuwahi basi ajipange.

Hoja ya kwanza: bila kalsiamu moyo haupigi

Tuanze kwa kuiondolea kalsiamu lawama isiyo yake. Mwili wa mtu mzima una takriban kilo moja ya madini haya, na asilimia 99 imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo inayozunguka katika damu na kuingia na kutoka katika seli, na ndiyo inayofanya kazi ninayotaka kuieleza.

Mwaka 1882, daktari Mwingereza Sydney Ringer alikuwa London akichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini. Aliutia katika maji ya chumvi, nao ukaendelea kupiga vizuri. Akachapisha matokeo. Baadaye ikagundulika kwamba maji yaliyotumika hayakuwa yaliyokenekwa kama alivyodhani. Msaidizi wake alikuwa amechota maji ya bomba ya jiji, yenye kalsiamu. Ringer alipoyarudia majaribio kwa maji yaliyokenekwa kwelikweli, moyo ulidhoofika na kusimama. Alipoongeza kalsiamu kidogo, ukapiga tena. Mwaka 1883 akachapisha maelezo mapya, na maji ya dripu yanayoitwa Ringer's, ambayo wauguzi waliomo humu wanayatundika kila siku, yana asili katika kazi hiyo. (Wanafunzi wanaocheka kule nyuma: mwenye maabara asiyeuliza maji yametoka wapi hayuko London peke yake.)

Seli ya msuli wa moyo ikiwa imepumzika, kalsiamu iliyo ndani yake ni kidogo mara elfu kumi kuliko iliyo nje. Kila pigo moja linapoanza, vijia kwenye ukuta wa seli hufunguka, kalsiamu kiasi huingia, nayo huchochea nyingine iliyohifadhiwa ndani kutoka, msuli hukaza. Kisha pampu za seli huirudisha kalsiamu yote mahali pake na msuli hulegea. Hayo hutokea kama mara laki moja kwa siku. Pampu hizo hula nguvu. Seli ikikosa oksijeni na nguvu kuisha, pampu husimama, na ule mrundikano wa nje unaanza kumwagika ndani. Naomba mlishike hilo, maana kila kitu nitakachosema baadaye kinalitegemea.

Hoja ya pili: kuna njia mbili za chokaa kuingia, na mgonjwa mahututi huwa kwenye zote mbili

Mwaka 1855 mwanapatholojia wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alieleza wagonjwa ambao chokaa ilihama kutoka mifupani na kutua katika viungo laini visivyo na kidonda chochote. Tangu hapo tumegawa jambo hili mara mbili.

Njia ya kwanza ni ya tishu iliyoharibika. Damu yaweza kuwa na kalsiamu ya kawaida kabisa, lakini mahali palipokufa seli huivuta. Mtu aliyepata shambulio la moyo miaka kumi iliyopita anaweza kuwa na mstari mwembamba wa chokaa uliopinda kufuata kovu lake. Njia ya pili ni ya damu iliyovurugika: kalsiamu au fosfeti, au zote mbili, zimepanda kiasi kwamba hutua hata kwenye tishu nzima. Hii huonekana kwa wenye figo zilizokufa, wenye tezi za parathairoidi zinazofanya kazi kupita kiasi, na mara chache kwa waliomeza vitamini D kwa wingi wakidhani ni chakula.

Watu hupenda kufananisha moyo wenye chokaa na birika la chai lililoota ukoko kwa sababu ya maji ya kisima. Mfano huo ni rahisi, na ndiyo maana unapotosha. Birika hupokea ukoko kwa sababu maji yana chokaa, basi. Seli hai inapigana. Ndani ya damu kuna protini, mojawapo ikiitwa fetuini-A, inayotengenezwa na ini, ambayo huzikamata chembe changa za kalsiamu na fosfeti kabla hazijakua fuwele. Kuna pia pairofosfeti, na kuna protini nyingine inayohitaji vitamini K ili ifanye kazi. Kwa mtu mwenye afya, kinga hizi zinatosha. Kwa mgonjwa mahututi, fetuini-A hushuka kwa sababu ini, likikabili maambukizi makali, hupunguza kuitengeneza. Kwa hiyo tishu imeumia, damu imevurugika, na mlinzi hayupo.

Hoja ya tatu: sepsisi huweza kufanya kwa siku chache kile ambacho ugonjwa wa figo hufanya kwa miaka

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara. Sepsisi, kwa wasio wa fani, ni hali ambapo mwili unapojibu maambukizi hupita mpaka na kuanza kuharibu viungo vyake wenyewe. Maambukizi yenyewe yaweza kuwa nimonia, kidonda cha uzazi, utumbo uliotoboka, hata malaria. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yanasema mwaka 2017 pekee dunia ilikuwa na wagonjwa wa sepsisi takriban milioni 48.9 na vifo milioni 11, na wagonjwa walio wengi, kama asilimia 85, walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kwetu.

Tumfuate mgonjwa mmoja, si mtu fulani, bali yule tunayemwona mara kwa mara. Analetwa usiku, shinikizo la damu limeshuka, mkojo hautoki. Anapewa antibayotiki na maji ya mshipa, na shinikizo lisipopanda anawekewa noradrenalini. Dawa hiyo humwokoa, siipingi. Lakini dawa za jamii hii, kadiri dozi inavyopanda, huusukuma msuli wa moyo uingize kalsiamu zaidi ndani ya seli zake, na zikizidi sana huacha seli zimekaza na kufa zikiwa zimekaza. Wanapatholojia wanaijua alama hiyo kwenye hadubini. Wakati huohuo sumu za maambukizi na upungufu wa oksijeni vimezinyima pampu nguvu. Kalsiamu inaingia, haitoki.

Ndani ya seli, mitokondria, ambazo ndizo zinazotengeneza nguvu, hujaribu kusaidia kwa kuinyonya kalsiamu iliyozidi. Huinyonya pamoja na fosfeti. Zikishazidiwa, hizo mbili huungana humo humo na kuwa punje. Punje ya kwanza ikishakaa, nyingine hushikamana nayo kwa urahisi zaidi. Hivyo basi chokaa huanzia ndani ya seli inayokufa, mahali palepale palipokusudiwa kuiokoa.

Figo nazo zimesimama. Fosfeti, ambayo kwa kawaida hutoka kwa mkojo, inabaki. Tena inaongezeka, kwa kuwa kila seli inayokufa mwilini humwaga fosfeti yake. Mgonjwa ambaye misuli ya miguu imepondeka kwa ajali au kwa kulala chini muda mrefu huwa na fosfeti ya juu sana. Kwake huyu kipimo cha kalsiamu huwa chini mwanzoni, na hapo ndipo naomba usikivu wa madaktari vijana.

Kipimo cha kalsiamu kikiwa chini, mkono wa daktari huenda kwenye kichupa cha kalsiamu glukoneti. Wakati mwingine ni sahihi kabisa: potasiamu ikipanda na moyo ukaanza kuyumba kwenye ECG, sindano hiyo huokoa maisha, na anayesita anamuua mgonjwa. Vilevile mama anayepewa damu nyingi baada ya kujifungua anaihitaji, kwa sababu sitreti iliyomo katika mifuko ya damu huikamata kalsiamu yake. Lakini kumpa mgonjwa wa sepsisi kalsiamu kwa ajili tu ya kuirekebisha namba kwenye karatasi, hali hana dalili yoyote, ni jambo lisilo na ushahidi wa faida, na majaribio kwa wanyama wenye sepsisi yameonyesha kwamba linaweza kuongeza vifo. Kwa yule wa misuli iliyopondeka, kalsiamu haijapotea. Imejificha ndani ya misuli iliyoumia, na siku atakapoanza kupona itarudi kwenye damu kwa kishindo. Ukiwa umemwongezea, umeongeza mzigo utakaorudi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi husahau: mgonjwa amelala. Mfupa usiobeba uzito huanza kupoteza madini yake. Wiki za kulala kwenye mashine ya kupumulia ni wiki za kalsiamu kutoka mifupani kuingia katika damu, na figo hazipo za kuitoa.

Ndiyo maana ripoti za kitabibu kutoka nchi mbalimbali zinaeleza wagonjwa, watoto kwa watu wazima, ambao CT-Scan ya kifua walipolazwa ilionyesha moyo wa kawaida, na nyingine iliyopigwa siku chache au wiki chache baadaye ikaonyesha msuli wa ventrikali ya kushoto umeng'aa kama mfupa. Jambo hili ni nadra, nisije nikawatisha. Ila naamini tunaliona nadra zaidi kuliko lilivyo, kwa sababu ya hoja itakayofuata. Pia kwa sababu ya ukweli mwingine usiopendeza: ili chokaa ionekane ni lazima mgonjwa aishi siku za kutosha. Kadiri vyumba vyetu vya wagonjwa mahututi vitakavyokuwa bora, ndivyo tutakavyoliona zaidi.

Hoja ya nne: chokaa ya wenye figo sugu inapita kwenye fosfeti

Nitapita hapa kwa kasi kidogo, kwani wenzangu wa figo wanalijua kuliko mimi.

Figo zikifa polepole, kwa kisukari au shinikizo la damu, fosfeti hupanda na vitamini D haifikishwi katika hali ya kufanya kazi. Kalsiamu inataka kushuka. Tezi nne ndogo za parathairoidi, zilizo nyuma ya thairoidi shingoni, huiona hali hiyo na kumwaga homoni inayobomoa mfupa ili kuinua kalsiamu. Mwaka 1997 watafiti wa Japani wakiongozwa na Makoto Kuro-o walieleza panya waliokosa jeni walilolipa jina Klotho. Panya hao walizeeka upesi na mishipa yao ikajaa chokaa. Baadaye ikaeleweka kwamba jeni hilo linashiriki katika kazi ya figo ya kutoa fosfeti. Tangu hapo haiwezekani tena kuitazama kalsiamu peke yake.

Dayalisisi husaidia, lakini fosfeti ni mkaidi: nyingi imo ndani ya seli, na mashine inasafisha damu. Utaratibu unaokubalika ni vikao vitatu kwa wiki, vya saa nne nne. Katika kanda yetu wako wengi wanaokwenda mara mbili kwa sababu ya gharama, na hilo moyo hulipa. Wanapewa vidonge vya kalsiamu kaboneti vimezwe pamoja na chakula ili viikamate fosfeti tumboni, kwa kuwa ni vya bei nafuu. Miongozo ya kimataifa ya magonjwa ya figo, KDIGO, ya mwaka 2017 inashauri dozi ya vidonge hivyo iwekewe mpaka. Sisemi mgonjwa aviache. Nasema asivimeze bila chakula, asijiongezee, na apimwe damu.

Na jikoni? Kwa mgonjwa wa figo, na kwake huyo tu, jikoni kuna neno. Fosfeti iliyowekwa kiwandani ndani ya soseji, nyama za kopo na soda nyeusi hufyonzwa karibu yote. Ile ya maharage na kunde hufyonzwa kwa kiasi kidogo zaidi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana fosfeti nyingi. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama basi amnyime mumewe maharage na kumpa soda apate nguvu. Nilimwambia afanye kinyume, na apitie kwa mtaalamu wa lishe. Kwa msiougua figo, kunyweni maziwa yenu. Kikombe kina miligramu zipatazo 300 za kalsiamu, tumbo hufyonza sehemu tu ya hizo, na figo nzima huitoa inayozidi.

Hoja ya tano: kosa kubwa ni kutotazama, na la pili ni kuchanganya

Tuanze na chombo cha kutazamia: CT-Scan ina damu ya Afrika. Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo la kuuona mwili kwa ndani kwa mionzi mwaka 1956 alipokuwa akisaidia kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwingereza Godfrey Hounsfield aliijenga mashine na kumpiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971. Mwaka 1979 walipewa Nobeli pamoja. Kwenye kipimo chenye jina la Hounsfield maji ni sifuri, hewa ni hasi 1000, na chochote ndani ya moyo kinachopita 130 hushukiwa kuwa kalsiamu, mradi picha imepigwa bila dawa ya kung'arisha mishipa. Dawa hiyo ikishapita, msuli wote hung'aa na chokaa hujificha.

Picha hizi zinapigwa tayari. Mgonjwa wa ICU hupelekwa CT kwa ajili ya mapafu, na moyo uko katikati ya picha hiyohiyo. Ripoti inaandika mapafu, maji, labda mbavu. Moyo unapewa mstari mmoja: "ukubwa wa kawaida". Hiyo ndiyo sababu niliyosema naamini tunaliona nadra kuliko lilivyo.

Kwenye eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, chokaa hutoa kuta nene zinazong'aa, na mtu mwenye haraka ataandika ugonjwa mwingine wa msuli wa moyo. Kwenye eksirei ya kifua inaweza isionekane kabisa.

Kuchanganya kuna gharama zake hapa kwetu. Kifua kikuu huweza kuacha ganda la chokaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Ganda hilo liko nje ya msuli, na daktari wa upasuaji anaweza kulibandua mgonjwa akapata nafuu kubwa. Chokaa iliyo ndani ya msuli haibanduliwi. Kukosea kati ya hizi mbili ni kumnyima mtu upasuaji, au kumpasua bure. Kisha kuna ugonjwa alioueleza mwanapatholojia J.N.P. Davies akiwa Kampala mwaka 1948, ambapo utando wa ndani wa moyo wa watoto na vijana huota kovu nene, nalo kovu hilo baadaye huweza kuingia chokaa. Huo nao si msuli. Kwa hiyo msomaji wa picha ajiulize kwanza: chokaa iko nje, katikati au ndani? Nayo iliyo kwenye mishipa ya korona ni kisa kingine, cha mafuta na uzee, chenye wahadhiri wake.

Ikiwa kweli ni msuli, moyo hushindwa kulegea vizuri. Damu inarudi nyuma kwenye mapafu na miguu hata kama nguvu ya kusukuma ni nzuri. Chokaa ikifika kwenye ukuta kati ya ventrikali, ambamo njia za umeme hupita, mapigo huweza kukatika. Baadhi hufariki, baadhi huondoka hospitalini na kuishi na moyo mgumu. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuiyeyusha. Kuondoa tezi za parathairoidi zilizozidi, au kupandikiza figo, huzuia isiongezeke. Upandikizaji huo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2017, na ni wa kujivunia, ila wanaouhitaji ni wengi mno.

Mheshimiwa Mwenyekiti, yanayofuata yako ndani ya uwezo wetu, nami nayaomba kwa heshima. Wakuu wa maabara: fosfeti iwe kipimo cha kila siku kwa mgonjwa mahututi ambaye figo zimesimama, si kipimo cha kuombwa kwa barua. Wataalamu wa mionzi: katika kila CT-Scan ya kifua cha mgonjwa aliyepona sepsisi, andikeni sentensi moja kuhusu msuli wa moyo, hata kama ni kusema hauna kitu. Wanafunzi: hapa kuna utafiti ambao hauhitaji mashine mpya, kwa kuwa picha zimekwisha kupigwa na ziko kwenye kompyuta za hospitali zikisubiri kibali cha kamati ya maadili na mtu mwenye subira. Ndugu wananchi: mwenye kisukari au shinikizo la damu apime figo walau mara moja kwa mwaka, na mwenye homa kali anayeanza kuchanganyikiwa, kupumua haraka au kukosa mkojo apelekwe hospitali usiku huohuo, asisubiri kupambazuke.

Maswali nayapokea, na ya maziwa naomba yatangulie.